Mradi wa bia nyeusi ya Chambly: tulipofikia mpaka sasa

Oktoba

Haya, mradi umeanza rasmi. Nimechukua katoni ya Trois Pistoles, ile bia nyeusi ya mtindo wa Ubelgiji ya kiwanda cha Unibroue kilichoko Chambly, Quebec, pombe asilimia 9, zile chupa kubwa za mililita 750 zenye kizibo cha kufyatua na waya juu, nimezisimamisha kwenye stoo ya besimenti ya jengo letu hapa Montreal ambako joto halipandi sana hata kiangazi, na nitakuwa nafungua moja moja miezi inavyoenda nione inabadilikaje. Kila anayejifanya mtaalamu wa bia za Ubelgiji utamsikia "iache ikae, iache ikae". Sawa, ikikaa inafanya nini? Inanoga, inaharibika, au ni maneno tu ya kuuzia chupa ghali? Ndo swali lenyewe hilo.

Kwa nini bia ya Quebec na sio ya Ubelgiji kwenyewe? Nahitaji kuanza na chupa mpya, basi. Bia ikitoka Ubelgiji mpaka ifike rafu za huku imeshalala kwenye kontena, imeshapigwa joto, imeshakaa ghala la watu, sasa utapimaje kuzeeka kwa kitu ambacho hujui kimeshazeeka kiasi gani? Chambly ipo kama kilomita 30 tu kutoka hapa, kwenye mto Richelieu, na bia zao zinauzwa mpaka kwenye viduka vya kona, unaingia kununua maziwa unatoka na asilimia 9 mkononi.

Alafu hawa jamaa sio wa kubahatisha. Walianza mwanzoni mwa miaka ya 1990, André Dion ndo alikuwa kichwa cha mambo, mwimbaji Robert Charlebois akaingia na yeye kama mwanahisa, na enzi hizo watu wa huku wengi bia waliyoijua ni ya njano na ya baridi, imeisha. Wakaleta Maudite ya asilimia 8 mwaka 1992, La Fin du Monde ya asilimia 9 mwaka 1994, hii yetu ikafuata 1997, zote mtindo wa Ubelgiji, zote zimeachiwa hamira ndani ya chupa iendelee na kazi. 2004 wakanunuliwa na Sleeman, kampuni nyingine ya bia ya Kanada, 2006 Sleeman naye akamezwa na Sapporo, kwa hiyo ukitaka kuwa mkorofi unasema hii ni bia ya mtindo wa watawa wa Ubelgiji inayopikwa Quebec kwa hela ya Mjapani. Kama bado ni bia ya kiwanda kidogo au la wabishane wenye muda, mi naangalia kilichomo kwenye glasi.

Kwenye lebo kuna farasi mweusi. Hadithi inatoka mji mdogo wa Trois-Pistoles, huko chini kando ya mto Saint-Laurent, wanasema farasi huyo alibeba mawe ya kujengea kanisa na kumbe alikuwa ibilisi mwenyewe, alikuwa mtiifu mradi tu asivuliwe hatamu, akatokea mtu mwenye huruma akamvua ili anywe maji, akatimka, na kanisa likabaki na pengo la jiwe moja. Watu wa pwani mtakuwa na za kwenu za namna hii.

Kamati ya kuonja: mimi mtu wa Moshi, jamaa wa Nakuru ninayefanya naye kazi, mzee mmoja wa Lubumbashi aliyekaa Liège, Ubelgiji, miaka mingi kabla ya kuja huku, na shemeji. Shemeji ameokoka, hanywi hata tone, lakini anaoka keki za oda na pua yake haina mpinzani, kazi yake ni kunusa tu na kutuambia ukweli.

Chupa ya kwanza mzee alikataa tusiiguse, akaimimina yeye. Glasi zenye mguu, tumbo pana, mdomo umebana kidogo. Akailaza glasi, akaanza polepole ubavuni, ilipofika kati akaisimamisha akamwaga katikati ili povu lije, na likaja kweli, la rangi ya maziwa yenye chai kidogo, zito, likakaa. Akafika kama vidole viwili kabla ya chupa kuisha akasimama. Kile kilichobaki kina mashapo ya hamira, akakitikisa akakimimina kwenye kiglasi cha pembeni, "hii ni ya tumbo". Juu ya meza bia inaonekana nyeusi ti, ukiinyanyua kwenye taa ni kahawia na pembeni inawaka wekundu wa damu ya mzee.

Jamaa wa Nakuru akapiga funda moja refu kama la Tusker. "Msee, hii ni dawa ya kikohozi."

Na hakudanganya, maana chupa ilikuwa imetoka friji, kipimajoto cha jikoni kilisoma nyuzi 5, na kwenye nyuzi 5 unachopata ni utamu, mkwaruzo wa pombe kooni na kitu kama mbegu za giligilani basi. Tukaziacha glasi mezani tukaendelea na stori. Zilipofika nyuzi 12 hivi ni kinywaji kingine kabisa, shemeji aliyekuwa anapita na sahani akainama juu ya glasi yangu akasema bila kufikiri, "tende, karafuu, ganda la chungwa... na ndizi iliyopitiliza kuiva". Akaondoka zake. Sisi tuliokuwa tunakunywa tulikuwa bado tunatafutana.

Novemba

Nimekuwa nasoma na kuuliza kuhusu hizo harufu, maana hakuna aliyetia ndizi humo. Ni hamira. Hamira za Kibelgiji wanaziachia zichachue kwenye joto kubwa kuliko za laga, mara nyingi linapita nyuzi 20, na zikiwa kwenye joto hilo zinatoa mvuke ule ule ulioko kwenye ndizi mbivu, pamoja na kemikali nyingine ya jamii moja na inayoipa karafuu harufu yake. Sisi wa Uchagani mtu akikwambia bia inanuka ndizi hushtuki, mbege ni ndizi, ulezi na gome la msesewe la kuleta uchungu, ila kule ndizi iko kwenye pipa kweli, huku ni hamira inaigiza.

Sasa kuhusu weusi, na hapa ndo naona watu wengi wanakosea kuisoma bia hii. Nyumbani ukisema bia nyeusi mtu kichwani ana Guinness. Guinness weusi wake ni shayiri iliyochomwa mpaka ikakaribia kuwa kahawa, ndo maana inakuja na ukavu na uchungu wa kuungua. Bia hizi za Ubelgiji mila yake ni nyingine, weusi mwingi unatoka kwenye sukari, sukari inapikwa mpaka inakuwa sharubati nyeusi, inaingizwa kwenye sufuria pamoja na kimea cha rangi ya kawaida na cha kahawia kidogo. Kwa hiyo badala ya kuungua unapata zabibu kavu, plamu, tende, ile ladha ya sukari iliyokaribia kushika chini ya sufuria. Ukiinywa huku unasubiri Guinness lazima uone imekosewa.

Na sukari inafanya kazi ya pili ambayo ni ya kijanja zaidi. Kimea kinaacha mabaki ambayo hamira haiwezi kuyala, ndo yanayoipa bia uzito mdomoni. Sukari inaliwa karibu yote, inageuka pombe, haiachi kitu. Kwa hiyo unapandisha makali bila kupandisha uzito, ukipika asilimia 9 kwa kimea kitupu unaweza kuishia na uji. Mzee wa Lubumbashi aliliweka vizuri kuliko mimi, "Ndugu, iko nguvu lakini haiko nzito." Na hatari yake ni hiyo hiyo. Nilipiga hesabu kwenye kipande cha karatasi: chupa moja ya 750 kwa asilimia 9 ni mililita 67.5 za pombe tupu, Kilimanjaro ya nusu lita kwa asilimia 4.5 ni 22.5. Yaani chupa moja hii ni Kilimanjaro tatu, na inashuka kama juisi. Ndo maana tunagawana.

Jamaa wa Nakuru akauliza kwani Wabelgiji walikuwa na shida gani mpaka bia iwe kali hivi. Swali zuri. Sehemu ya jibu ni sheria ya 1919, Émile Vandervelde akiwa waziri wa sheria, walipiga marufuku pombe kali kuuzwa baa na mikahawani, ukitaka jenever, pombe kali ya kwao, ununue dukani, na kuanzia lita 2, ambayo hela yake mfanyakazi wa kawaida hana. Sasa mtu aliyezoea kitu cha kupasha kifua akageukia bia, na wapishi wa bia wakaona mlango umefunguka. Sheria ile ilikaa mpaka 1983. Serikali inazuia gongo, wananchi wanapata bia ya asilimia 10, haya sasa.

Desemba

Mwezi huu hatukufungua kwa kupima, tulifungua kwa kula. Mzee alisimamia jikoni, akapika ile nyama ya Wafleminji: nyama ya ng'ombe ya begani, vipande vikubwa, inakaangwa mpaka ishike rangi, vitunguu vingi mno, nusu ya uzito wa nyama kabisa, vinalainishwa taratibu, alafu bia inamwagwa juu mpaka ifunike, majani ya bay, na vipande vya mkate vilivyopakwa haradali vinalazwa juu vikiangalia chini. Moto mdogo, masaa kama matatu. Mkate unayeyuka wenyewe unakuwa ndo unga wa kuzitisha mchuzi. Sio kila bia inakubali hii, ukitumia yenye hopsi nyingi, yale maua ya kutia uchungu kwenye bia, ule uchungu unajikusanya mchuzi ukipungua na sufuria nzima inakuwa dawa. Nyeusi ya Kibelgiji uchungu wake mdogo, utamu mwingi, inabaki mchuzi mtamu wenye uchachu kwa mbali.

Shemeji tulimpikia yake pembeni na supu ya mifupa, maana lile neno la "pombe yote huwa inaruka kwenye moto" sio kweli, kinabaki kiasi hata baada ya kuchemka muda mrefu, na mtu ameshasema hatumii basi hatumii.

Baada ya chakula jibini la Oka. Hili nalo lina ukoo na watawa, Watrapisti, shirika la watawa wa Kikatoliki, waliohamia Quebec walianza kulitengeneza pale Oka mwaka 1893, siku hizi linatoka kiwandani lakini bado lina ule mnuko wa soksi kwa nje na ladha ya karanga ndani. Kipande cha Oka, funda la Trois Pistoles, jamaa wa Nakuru akanyamaza kwa muda, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Februari

Nje ni baridi ya kukata masikio, muda mzuri wa kulinganisha. Tuliweka mezani tatu: yetu ya Chambly, Chimay ya lebo ya buluu na Rochefort 10. Hizo mbili ni za Watrapisti kweli, na jina hilo haligawiwi hovyo, bia lazima ipikwe ndani ya eneo la monasteri, watawa wenyewe wasimamie, na faida iende kwenye maisha ya monasteri na misaada. Unibroue hata wakipika vizuri namna gani wataishia kuitwa "mtindo wa", na ni haki.

Chimay ya buluu, asilimia 9 sawasawa na yetu, ilizaliwa kama bia ya Krismasi. Kwa makali ni mapacha lakini mdomoni hawafanani kabisa, Chimay ni kavu zaidi, ina pilipili manga mwishoni, inaisha haraka na kukuacha unataka tena. Yetu inaongea sana, viungo mbele, matunda katikati, mwishoni kuna kitu cha anisi kinachobaki ulimini muda mrefu. Rochefort 10 ni mnyama mwingine, asilimia 11.3, tini zilizokaushwa na chokoleti, joto lake unalisikia likishuka mpaka tumboni alafu linapanda tena masikioni. Kura yangu siku ile ilikwenda Rochefort, ila kwa glasi moja. Mzee kura yake Chimay, akasema huko Kongo Wabelgiji waliwaachia viwanda vya laga baridi na hizi nzuri wakabaki nazo kwao. Nikamkumbusha Lubumbashi wana Tembo, ile ya kahawia. Akacheka, "Tembo iko ya kwetu, usiiguse."

Kitu nilichokiona vizuri kwa kuziweka pamoja: ya Chambly viungo vyake ndo vinajitokeza sana ikiwa mpya, na ndo vinavyonikera kidogo. Kama kuzeeka kutafanya kazi yoyote, naombea kuanzie hapo.

Mei

Jambo la pembeni ila limenisaidia kuliko nilivyotegemea. Duka moja mtaani wana chupa ya Trois Pistoles imesimama dirishani kama pambo, jua la mchana lote linaipata, na tarehe yake haipishani sana na za kwangu. Nikainunua. Tukaifungua sambamba na moja ya besimenti.

Ya dirishani kizibo kilitoka bila hata mlio, povu likaja likafa. Harufu ni boksi lililolowa mvua, na nyuma yake utamu uliochoka, asali ya zamani. Ya besimenti iko hai kabisa. Kwa hiyo watu wanaposema "imezeeka" mara nyingi wanaongelea vitu viwili tofauti, kuna kukaa na kuna kupikwa na joto. Hewa kidogo iliyobaki chupani inafanya kazi taratibu kwenye ubaridi na inaleta zile ladha za tende na mvinyo mtamu, kwenye joto inakimbia na inaleta boksi. Kama huna sehemu yenye ubaridi usiotikisika usiweke bia yoyote, inywe. Na uzisimamishe, sio kuzilaza kama mvinyo, ili mashapo yakae chini na bia isishinde imegusana na kizibo.

Oktoba, mwaka umefika

Hii ndo niliyokuwa naisubiri. Nikanunua na mpya dukani, nikazimimina mbili glasi zinazofanana, nikamwita shemeji bila kumwambia ipi ni ipi.

Alinusa ya kwanza akaiweka. Akanusa ya pili, akarudi ya kwanza. "Hii karafuu imekufa," akaonyesha ya kulia, "imebaki tende na kitu kama zabibu zilizolowekwa kwenye keki ya Krismasi." Ya kulia ndo ya mwaka mzima. Sekunde chache, hajaonja hata tone, sisi tulihitaji nusu chupa kufika hapo hapo.

Kwa ulimi ni hivi: ndizi imeondoka kabisa, ule mvuke wake huwa wa kwanza kupotea. Viungo vimerudi nyuma vikawa msingi badala ya kelele. Mkwaruzo wa pombe kooni umelainika ingawa asilimia ni ile ile. Zabibu na plamu zimekuwa nzito, karibu na mvinyo wa port. Gesi bado ipo ya kutosha, povu linasimama. Jamaa wa Nakuru amepiga kura ya mpya, anasema ya zamani imekuwa ya wazee, "imetulia sana, haina story". Mzee kachukua chupa ya zamani akaisogeza upande wake. Mimi niko na mzee, ila kwenye chakula cha Desemba nisingeitaka hii, ile nyama ilihitaji bia yenye ubishi.

Machi

Nyingine imefunguliwa, na naanza kuona mlima unashuka. Harufu bado nzuri sana, tende, karanga, kakao kavu, lakini mdomoni imekonda, katikati pamekuwa patupu, unapata mwanzo na mwisho. Povu linapotea kabla hujafika nusu glasi. Hamira ile ya chini imeganda, chupa ile ya Oktoba mashapo yaliinuka kama vumbi, ya sasa yanatoka vipande, na kile kiglasi cha pembeni mzee amekikataa, akikinusa anasema kina mchuzi wa soya. Ni kweli kipo, seli za hamira zikifa muda mrefu zinapasuka na kutoa ladha hiyo ya nyama nyama.

Kwa hiyo jibu langu kwa "iache ikae", kwa bia hii na kwa besimenti hii: mwaka, mwaka na miezi michache, imetosha. Rochefort yenye asilimia 11.3 naamini itavumilia zaidi, nimeshaweka kadhaa pembeni nione. Za Chambly zilizobaki hazifiki msimu ujao wa theluji, jamaa wa Nakuru ameshajitolea kusaidia.

Kinachofuata ni Terrible, hiyo hiyo Unibroue, asilimia 10.5, nyeusi pia. Nafasi kwenye stoo ipo, nimehamisha matairi ya kiangazi. Shemeji ameuliza kama na hiyo itabidi anuse kila mara, nimemwambia ndiyo, akasema basi mwaka huu unga na mayai ya keki ni juu yangu.